Wajadilini Wakulima Wakiwepo: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Umma

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, maprofesa mnaokalia vigoda, na ninyi nyote wa kamati za maandalizi,

Itifaki imezingatiwa, kama washereheshaji wenu wanavyopenda kusema, kwa hiyo barua hii itaingia kwenye hoja bila kuzunguka.

Kila mwaka vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania huandaa mihadhara ya umma. Mada zake ni nzito na nyingi ni za kimaendeleo kwa maana halisi: ardhi, kodi, ubinafsishaji, deni la taifa, bima ya afya, ukombozi wa Afrika. Mabango hutundikwa getini na mialiko husambazwa. Siku ikifika, ukumbini wapo wale wale: wahadhiri, wanafunzi walioambiwa na mwalimu wa somo kwamba mahudhurio yatachukuliwa, maofisa wa balozi, watu wa asasi, wapiga picha. Mkulima anayejadiliwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana hayupo. Mama lishe anayeuza wali hatua chache kutoka ukumbini naye hayupo, ingawa nusu ya mada zinamhusu yeye, mkopo wake na kodi anayolipa kila anaponunua mafuta ya kupikia.

Barua hii haiombi mihadhara ifutwe. Inaomba ifanywe kweli, maana ina ukoo wa heshima.

Ukoo wenyewe unajulikana, lakini ni vizuri ukumbushwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa kilimani. Kilifungua milango tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, na kikapanda Mlimani mwaka 1964. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967, na hapo ndipo kilima kilipochemka kweli kweli. Wanafunzi waliunda USARF, chama cha kimapinduzi kilichoongozwa na kijana aitwaye Yoweri Museveni (ndiyo, huyo huyo). Jumapili walikuwa na darasa lao la itikadi, nje ya ratiba ya chuo, bila alama wala cheti. Mwaka 1969 walianzisha jarida la Cheche, na mwaka uliofuata Issa Shivji akachapa humo makala ndefu kuhusu mapambano ya kimya ya matabaka nchini. Walter Rodney, kutoka Guyana, alikuwa akifundisha hapo. Wanaharakati C.L.R. James na Stokely Carmichael walipita. Novemba 1970 serikali ilivipiga marufuku vyote viwili, chama na jarida. Wakati huo mhadhara ulikuwa jambo la kuogopewa.

Miaka ilipita, mizuri na ya ukame. Mwaka 2008 kikaanzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, Profesa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na Aprili 2009 tamasha la kwanza la kitaaluma likampokea mwandishi Wole Soyinka. Mwaka uliofuata alikuja mchumi Samir Amin. Waliokuwa wakidhani mijadala ya kilimani imekufa walirudi na madaftari. Kigoda kilionyesha kwamba mhadhara wa fikra za kimaendeleo bado unaweza kujaza ukumbi. Swali la barua hii ni nani amejaa humo ndani.

Malalamiko ni haya.

1. Lugha. Tuanze na ukweli unaouma: ugonjwa huu haukuanza jana wala haukuletwa na watu wa mrengo wa kulia peke yao. Hata Cheche, pamoja na jina lake tamu la Kiswahili, liliandikwa kwa Kiingereza. Rodney aliandika kwa Kiingereza kitabu chake cha mwaka 1972, kinachoeleza kwa nini Mwafrika anavuja jasho na Ulaya inavuna. Rodney alikuwa mgeni, ana udhuru. Wenyeji wa leo udhuru wao uko wapi?

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo likakaliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikalirudisha, ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote; nayo haikutekelezwa. Lakini mambo mengine hayakungoja. Februari 2021 Bunge lilibadili sheria na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi. Jaji sasa anaweza kuandika kwa Kiswahili hukumu ya kesi inayoweza kumnyima mtu uhai. Mhadhiri anayedai kwamba deni la taifa halielezeki kwa lugha hiyo ana mzigo mzito wa kuthibitisha.

Hoja ya istilahi imechoka, na aibu yake ni kwamba dawa imepikwa uani kwenu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyokuwa Mlimani tangu 1964, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na kamusi ya sheria mwaka 1999. Isimu na nadharia za uhakiki zimekuwa zikifundishwa kwa Kiswahili hadi shahada za juu. Frantz Fanon, mwananadharia wa ukombozi, alitafsiriwa hapa hapa Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Kama Fanon amewezekana, kodi ya ongezeko la thamani itashindikana vipi?

Mhadhara mmoja wa siasa ambao karibu kila Mtanzania wa makamo anaujua haukutolewa chuoni. Ni ule wa Machi 1995, Hoteli ya Kilimanjaro, Mwalimu alipokutana na waandishi wa habari akazitaja nyufa za taifa: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Ndani yake mna nadharia ya dola, maadili ya uongozi na historia ya katiba. Wauza kanda waliurudufu, redio ziliurudia mwaka baada ya mwaka, na makondakta waliozaliwa baada ya kifo chake wanaweza kukutajia sehemu zake. Aliyewafikisha huko ni mzungumzaji aliyeheshimu wasikilizaji wake na kuzungumza nao kwa lugha wanayoilalia na kuiamkia.

2. Mahali na saa. Jumatano saa tatu asubuhi ni saa ya nani? Fundi wa gereji yuko chini ya gari, mwalimu wa shule ya msingi yuko na watoto darasani, mchuuzi yuko Kariakoo tangu alfajiri. Anayeweza kukaa ukumbini saa nne mfululizo siku ya kazi ni yule ambaye kukaa ukumbini ndiyo kazi yake. Halafu kuna suala la kufika. Mkazi wa Mbagala anayetaka kusikiliza mhadhara Mlimani atapanda gari zaidi ya moja kwenda na zaidi ya moja kurudi, na nauli hiyo ni chakula cha jioni cha nyumbani kwake.

Wala si kwamba wasomi wa hapa hawajui njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama miongoni mwao, walikwenda Malya, Kwimba, wakakaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo ya vijana wa pale, wakayageuza kuwa ngoma na michezo, na baada ya onyesho kijiji kikakaa kujadili cha kufanya. Huo ni mhadhara wa umma, hata kama hakuna aliyevaa joho. Profesa Mlama ndiye aliyekuja kukikalia Kigoda baada ya Shivji, kwa hiyo ujuzi huo mnao nyumbani. Jirani zetu Kenya walilipa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mkuu wa idara Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na wakulima na vibarua wakaurekebisha mswada wa tamthilia yao kwa lugha yao wenyewe. Iliingia jukwaani Oktoba 1977. Novemba leseni ikafutwa, na mwaka ulipokuwa unaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, alikokaa hadi Desemba 1978. Vitabu vyake vya Kiingereza vilikuwa vimewakosoa watawala hao hao bila kumpeleka jela. Serikali ile ilijua tofauti ya kusemwa ukumbini na kusemwa kijijini.

3. Mihadhara inasema, haisikilizi. Hapa ndipo pana uzito kuliko kote, na barua inaomba subira yenu.

Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi na kumpa uenyekiti Profesa Shivji, msomi wa kilimani. Tume ile haikualika watu hotelini. Ilifanya mikutano ya hadhara zaidi ya 270, vijijini na mijini, mbele ya watu wanaokadiriwa kuzidi 80,000, ikakusanya ushahidi wa karibu kurasa 4,000. Watu walieleza jinsi mashamba yao yalivyochukuliwa, jinsi vijiji vilivyopangwa upya wakati wa operesheni za miaka ya 1970 na mipaka ikabaki fumbo, jinsi ofisa mmoja alivyogawa ardhi ambayo ofisa mwingine alikwisha kuigawa. Walieleza kwa Kiswahili, na hakuna kumbukumbu ya tume kukwama kwa kukosa istilahi. Kinyume chake, kutokana na maelezo hayo likajengeka pendekezo lililokwenda mbali kuliko yote yaliyowahi kutolewa kuhusu ardhi nchini: ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, na milki ya mwisho iondolewe mikononi mwa serikali kuu.

Ripoti ilikabidhiwa Novemba 1992. Ilipochapishwa mwaka 1994, ilichapishwa kwa Kiingereza. Waliotoa ushahidi hawakuweza kusoma walichokisema. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na sheria mbili za ardhi za 1999 zikaja bila pendekezo lile kuu, na waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele kwa wakati walikuwa wachache waliosoma ripoti.

Kisa hiki kina sehemu mbili na vyuo vinatakiwa kuzikumbuka zote. Ya kwanza: umma ukiulizwa kwa lugha yake, unatoa sera, si kilio tu. Ya pili: fikra zikirudi kwenye kabati la Kiingereza, mwenye madaraka anaweza kuziacha zilale humo bila bughudha.

Ukiacha tume kama ile, linganisha na utaratibu wa kawaida. Mshereheshaji anaita meza kuu mmoja mmoja, kila mtu na wasifu wake. Neno la ukaribisho, neno la utangulizi, neno la kumkaribisha atakayemkaribisha mgeni rasmi. Mzungumzaji anapewa saa moja, anachukua moja na nusu. Kisha sauti inatangaza kwamba muda hauko upande wetu, tutapokea maswali matatu tu, na tafadhali yawe mafupi. La kwanza linaulizwa na profesa mwenzake, naye hulitoa kwa dakika kumi na mbili. Mwanafunzi aliyesimama nyuma, mkono juu tangu mwanzo, anaketi. Chai iko tayari.

4. Wenye madaraka hawajibu. Mgeni rasmi hufungua, hupigwa picha na kuondoka kwa sababu ana majukumu mengine ya kitaifa. Anayesema kwamba sera fulani inawaumiza wakulima anawaambia waliokubaliana naye tangu jana, na aliyeitunga sera yuko njiani kurudi ofisini.

5. Kumbukumbu. Mhadhara ukiisha, nakala yake huenda kwa wachache. Kigoda kilikuwa na jarida lake, Chemchemi, na lilikuwa jambo jema. Mihadhara mingi mingine imebaki kwenye simu za waliohudhuria.

Kuna watakaosema: mambo haya ni ya taratibu tu, mbona makali hivi? Kwa sababu nje ya ukumbi maisha hayangoji. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilianza kukatwa. Mtu aliyemtumia mama yake pesa ya dawa kijijini aliona makato yake papo hapo, na nchi nzima ikageuka darasa la uchumi: kodi ya haki ni ipi, nani abebe mzigo, kwa nini masikini anayetuma kidogo kidogo akatwe kila mara. Kelele zilisikika, Septemba mwaka huo serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguza tena. Mwaka 2023 ulikuja mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, ulioandikwa kwa Kiingereza. Bunge liliuridhia Juni, na mjadala ukahamia vijiweni, kwenye daladala, misikitini na makanisani, ambako vifungu vilisomwa kwa tafsiri za kuokoteza. Agosti maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa tamko lao kwa Kiswahili na likasomwa makanisani Jumapili moja nchi nzima. Mtu anaweza kukubaliana na maaskofu au kuwapinga, lakini hawezi kusema hakuwaelewa. Chuo kikuu gani kina uwezo wa kuzungumza na nchi nzima kwa siku moja namna hiyo? Mwaka huo huo, Novemba, ikapita Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nani atachangia kiasi gani, na asiye na kitu atahesabiwaje, ni maswali ambayo mchumi wa chuo anayajua na bibi wa Kondoa anayalala nayo. Hao wawili hawajakutanishwa.

Maombi, kwa hiyo, si mengi na hayahitaji fedha za wafadhili.

Mhadhara wowote unaoitwa wa umma utolewe kwa Kiswahili. Mgeni asiyekijua atafsiriwe. Baraza la Kiswahili la Taifa lina huduma ya ukalimani, na nchi hii ilikaribisha wakuu wa SADC Agosti 2019, Kiswahili kikaongezwa kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, hivyo vyombo vya masikioni si miujiza. Mwanafunzi wa kigeni avae vyombo hivyo kwa siku moja. Mkulima hajawahi kupewa hata hivyo.

Walau nusu ya mihadhara ya mwaka itoke nje ya geti: ukumbi wa kata Manzese, uwanja wa shule Mvomero, mnada wa mifugo, kituo cha walimu. Iwe Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada. Vyuo vya Dodoma, Morogoro na Mbeya vina wakulima mlangoni. Havina haja hata ya basi.

Muda ugawanywe katikati: nusu mzungumzaji, nusu wasikilizaji, na swali la kwanza lisitoke meza kuu. Kabla ya hapo, mzungumzaji atumie hata siku mbili kusikiliza wanaoguswa na mada yake.

Mgeni rasmi akubali sharti moja, kwamba atakaa hadi mwisho na wizara yake itajibu hoja kwa maandishi ndani ya siku 30. Asiyekubali asialikwe, sherehe za kualikwa zipo nyingi. Na kila mhadhara utoke kama kijitabu cha Kiswahili cha bei ya gazeti, upelekwe pia kwenye redio za jamii.

Kuna hofu moja ambayo haisemwi kwenye vikao, nayo ni kwamba mihadhara ya namna hii italeta matatizo. Hofu hiyo ina msingi; Cheche na Kamĩrĩĩthũ vinathibitisha. Lakini chuo kinachochagua lugha na saa ili kisisikike kimeshajipiga marufuku chenyewe, na hakuna serikali itakayohitaji kukifanyia hivyo.

Waheshimiwa, tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, huadhimishwa kwa mihadhara. Tunaomba jibu lenu litoke kabla ya tarehe hiyo, magazetini, kwa Kiswahili, likieleza lipi mnalikubali, lipi mnalikataa na kwa sababu gani. Na msomaji uliyeifikia barua hii: ukisikia tangazo la mhadhara wa umma, usingoje mwaliko. Nenda, kaa mbele, uliza swali lako kwa Kiswahili na udai jibu kwa Kiswahili. Chuo hicho kinaendeshwa kwa kodi yako.